Nani Atasaini kwa Niaba Yako? Somo Kutoka Bariadi

Mtihani wa sheria ya mikataba niliufaulu kwa B. Kulikuwa na swali la uwakala: taja njia ambazo uhusiano kati ya mwakilishi na aliyemtuma hufikia mwisho. Nilizitaja zote kama kasuku, nikatoka ukumbini nikiwa mwepesi. Mwaka mmoja baadaye, mwezi Julai, nilikuwa nimekaa chini ya mwembe nyumbani kwa baba mkubwa huko Itilima, kwenye kikao cha ukoo, na kila aliyesimama alisema hivi: "Hati tunayo, hakuna shida." Mimi ndiye msomi wa ukoo. Wakanigeukia. Nikaitikia kwa kichwa.

Sasa ngoja nieleze nilichoitikia, na kwa nini hakikuwa kweli.

Kwa wasiopajua kwetu, Simiyu ni mkoa uliozaliwa 2012: Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 2,140,497. Ni nchi ya pamba na ng'ombe, na mali ya mzee wa kwetu kwa kawaida haiko kwenye karatasi. Iko kichwani mwake. Yeye ndiye anayejua ng'ombe yupi ni wake na yupi ni wa dada yake aliyeolewa Meatu, nani anamdai na nani anadaiwa, mpaka wa shamba unapita kwenye mti gani, na pesa ya pamba ya msimu uliopita aliigawaje. Namhala akiwa mzima, mfumo huo hauna kasoro. Unauliza, anajibu. Kichwa hicho kikifungwa ghafla, rejista nzima imefungwa.

Baba mkubwa alianguka shambani akichuma pamba. Kiharusi. Alipelekwa hospitali ya mkoa pale Bariadi, baadaye Bugando, Mwanza. Alirudi nyumbani akiwa hai, upande wa kulia umelala, hasemi. Macho yanatembea. Ukimshika mkono wa kushoto anakuminya.

Na hati ilikuwepo kweli. Miaka miwili kabla, mzee alimpeleka kaka yangu mkubwa, yaani mwanawe wa kwanza anayefanya kazi Geita, kwa wakili mjini. Wakaandika hati ya uwakilishi, ile ambayo mtaani wengi wanaiita tu "pawa". Ndani yake mzee alimpa kijana mamlaka ya kusimamia kiwanja chake chenye vyumba vya kupanga mjini Bariadi: kukusanya kodi, kusaini mikataba ya wapangaji, na hata kukiuza ikibidi. Muhuri wa wakili, picha za pasipoti, sahihi ya mzee kwa mkono wake mwenyewe. Karatasi safi kabisa. Kwa hiyo ilipofika zamu ya kutafuta pesa za matibabu, kikao kikaona njia ni nyeupe: tuuze kiwanja, hati ipo.

Mnunuzi alipatikana ndani ya wiki mbili. Akaja na wakili wake. Yule mama akaisoma hati mara moja, akauliza swali moja tu: "Mzee mwenyewe anaendeleaje?" Kaka akajibu kwa uaminifu kwamba mzee hajitambui vizuri. Wakili akaikunja hati, akamrudishia. "Basi hii imekufa," akasema. "Siwezi kumshauri mteja wangu alipe."

Hapo ndipo lile swali la mtihani liliponirudia, mzigo mzima.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema uwakala unakoma aliyemtuma mwenzake anapofariki, au anapopoteza akili timamu. Kadhalika mwakilishi naye akifa au akipoteza akili. Soma tena kipande hicho cha pili taratibu. Hati ya uwakilishi inaishi pamoja na akili ya aliyeitoa. Ikiondoka, hati nayo inaondoka, siku hiyohiyo, hata kama karatasi bado iko kabatini na muhuri unang'aa. Watu wengi wanaandikisha hati hiyo wakidhani ni mwavuli wa siku ya mvua. Kumbe ni mwavuli unaojifunga wenyewe tone la kwanza likidondoka. (Kuna uwakala wa aina ambayo mwakilishi mwenyewe ana maslahi yake ndani ya ile mali, na huo una kanuni zake. Wa kaka haukuwa wa hivyo.)

Kwa nini sheria iwe na roho ngumu namna hii? Sababu si ya kijinga. Mwakilishi ni mkono wako ulionyooshwa mbali. Anachofanya yeye, umekifanya wewe. Kwa hiyo mkono hauwezi kufanya kile ambacho mwili wenyewe hauwezi tena kukifanya: kama wewe huna akili ya kuuza, yeye anaiazima wapi? Halafu kuna ulinzi. Ukiwa timamu, mwakilishi akianza kula kodi ya wapangaji, unamfuta. Ukiwa umelala na macho yanatembea tu, nani atamfuta? Sheria ikaona heri mamlaka yafe kuliko yabaki mikononi mwa mtu asiye na msimamizi.

Kanuni yenyewe ina umri. Sheria yetu ya mikataba ya 1961 ilirithi kwa sehemu kubwa maneno ya Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, ambayo Waingereza waliileta Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza wenyewe kwao waliligonga tatizo hilohilo wakalibadilisha: mwaka 1985 walitunga sheria ya hati inayodumu hata baada ya akili kuondoka, kisha mwaka 2005 wakaipanua katika sheria yao ya uwezo wa akili, ikagusa hadi maamuzi ya matibabu na makazi. Huko hati hiyo lazima isajiliwe kwenye ofisi ya umma yenye kazi ya kuwachunguza wawakilishi. Yaani walijibu swali la "nani atamfuta" kabla ya kuiacha hati iishi. Sisi tumebaki na kanuni ya 1872. Mimi naona tumechelewa, lakini nikikumbuka kile kikao chini ya mwembe, naelewa kwa nini mtu angeogopa kuiondoa bila kuweka mlinzi mahali pake.

Turudi huko chini ya mwembe, maana kulikuwa na jambo ambalo vitabu havikunifundisha.

Hati hufa kwa kupotea akili, haifi kwa kupooza. Mtu aliyepoteza mkono, miguu, hata sauti, lakini anaelewa unachomwambia na anaweza kuonyesha kwa namna yoyote anachotaka, bado ni timamu. Hati yake iko hai. Tena anaweza kutoa mpya kwa dole gumba, mbele ya shahidi na kamishna wa viapo, akisomewa kwa lugha anayoielewa, Kisukuma kama ni Kisukuma. Kwa hiyo swali zima la ukoo wetu lilikuwa moja: baba mkubwa anaelewa au haelewi?

Mama mkubwa alisema anaelewa. "Nikimtajia ng'ombe ananiminya. Nikimtajia mdogo wake anageuza uso." (Mdogo wake mmojawapo ni baba yangu. Watu walicheka, baba hakucheka.) Kaka alisema haelewi, maana alimuuliza habari za kiwanja akaangalia paa. Kisha ikaanza michezo. Ilipotajwa kuuza kiwanja, wajomba na maamu wakasema mzee anaelewa kabisa, hati iko hai, tuuze. Ilipotajwa nani achunge zizi, walewale wakasema mzee haelewi tena, kwa hiyo ng'ombe wahamishiwe kwa wadogo zake wawasimamie. Ndani ya saa moja mtu mmoja alikuwa timamu wa kuuza na si timamu wa kumiliki. Shangazi ndiye aliyesimama akasema: "Amueni basi. Kichwa ni kimoja."

Na kuamua si kazi ya kikao. Ni kazi ya daktari kupima, na ya mahakama kutamka. Ukoo unaweza kukaa usiku kucha, hauwezi kumfanya mtu awe au asiwe timamu kwa kura.

Kabla sijafika mahakamani, nipitie haraka njia za mkato zilizopendekezwa siku ile, kwa sababu nina hakika zinapendekezwa pia kwenu, iwe Tarime au Tandahimba.

Ya kwanza: "Mke wake yupo, asaini." Ndoa haimpi mtu mamlaka ya kuuza mali ya mwenzake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamsaidia mke kwa kipande: inachukuliwa kwamba anaweza kutumia pesa ya mume iliyo mikononi mwake, au hata kukopa kwa jina la mume, kwa mahitaji ya lazima ya kwake na watoto wadogo, kulingana na hali ya mume. Kwa hiyo mama mkubwa kuchukua unga na dawa dukani kwa jina la mzee hakuwa mwizi. Lakini kiwanja si unga. Sheria hiyohiyo inasema nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, na hiyo ni breki, si usukani.

Ya pili: "Tufungue mirathi." Mtu yuko hai! Mirathi na wosia ni habari za baada ya mazishi. Wosia wa mgonjwa, hata uandikwe vizuri vipi, haumnunulii kidonge kimoja leo. Hapo ndipo penye pengo ambalo sisi hatulioni: hati ya uwakilishi ni ya ukiwa timamu, wosia ni wa ukishakufa, na kati ya hizo mbili kuna miezi au miaka ambayo hakuna karatasi yako hata moja inayofanya kazi.

Ya tatu ilisemwa kwa sauti ya chini: chukua kidole chake kibandike. Nimeshaona watu wazima wenye heshima zao wakilitamka hili bila kupepesa. Kushika dole la mtu asiyejielewa na kulibandika kwenye mkataba hakuzai mkataba wowote, maana kifungu cha 11 cha Sheria ya Mikataba kinataka mtu awe na umri wa utu uzima na akili timamu, na kunaweza kukufikisha kwenye kosa la kughushi. Mnunuzi atapoteza pesa, wewe utapoteza usingizi.

Ya nne ni kadi ya benki na namba ya siri. Hii naomba niiweke kiporo. Nitairudia.

Njia iliyobaki ilikuwa mahakama. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu ndugu wa mtu aliyepoteza uwezo wa akili aombe mahakama ifanye uchunguzi juu ya hali yake, na ikiridhika, imteue msimamizi wa mali yake. Unaweza kusoma maamuzi ya namna hii mwenyewe kwenye tovuti ya TanzLII, yako ya kutosha: mtoto anayeomba asimamie pensheni ya mama yake, mke anayeombea akaunti ya mumewe. Yanasomeka kuliko unavyodhani, na huwa nawashauri hata wenzangu wa kitivo cha biashara wayapitie.

Kwa maneno tu ni rahisi. Kwetu ilikwama kwenye neno moja. Kaka alipofafanua kwamba sheria inaitwa ya afya ya akili, mzee mmoja alinyanyuka akachukua fimbo yake. "Ndugu yangu si kichaa," akasema, akaondoka. Kesho yake wakaondoka wengine wawili. Kwao, kumtamka mzee wa boma mahakamani kuwa mgonjwa wa akili ni kumzika kabla ya wakati, na kuwatia doa wajukuu watakaotafuta wachumba. Ilichukua karibu wiki tatu kueleweshana kwamba kiharusi kimeumiza ubongo kama ambavyo ajali ingevunja mguu, na kwamba mahakama haitamki laana, inatamka tu nani ashike funguo mwenyewe akiwa hawezi. Aliyefaulu si mimi na shahada yangu nusu. Ni shangazi, aliyewauliza: "Mnaona aibu ya karatasi, hamuoni aibu ya mgonjwa kukosa dawa?"

Tulichobeba: ombi lenyewe pamoja na kiapo, taarifa ya daktari, muhtasari wa kikao cha ukoo wenye sahihi za waliohudhuria, barua ya mtendaji wa kijiji, na orodha ya mali. Orodha ndiyo ilitutoa jasho. Ng'ombe walihesabiwa mara tatu wakapatikana hesabu tatu. Kisha safari: Bariadi, Maswa, Mwigumbi, hadi Shinyanga kwenye Mahakama Kuu, lami siku hizi, tunashukuru, lakini nauli za watu wanne kila tarehe ya kesi si mchezo kwa familia ambayo pamba yake bado iko shambani. Asiye na uwezo wa wakili aanze kwa wasaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua rasmi, na wako hadi vijijini.

Mwombaji alikuwa mama mkubwa, si kaka. Hilo nalo lilikuwa na maneno yake, nayaruka. Ninachotaka ujue ni tofauti iliyopo kati ya msimamizi na mwakilishi. Mwakilishi anawajibika kwa aliyemtuma. Msimamizi aliyeteuliwa na mahakama anawajibika kwa mahakama: ni mali gani amepokea, ameitumiaje, risiti ziko wapi. Hawi mmiliki. Na yule mwakilishi wa zamani ambaye hati yake imekufa hatakiwi kutupa funguo chini na kuondoka. Sheria ya Mikataba inamtaka achukue hatua za busara kulinda mali aliyokabidhiwa. Kaka hakuweza kuuza, lakini alipaswa, na alifanya, kuhakikisha vyumba vya wapangaji havivujishi paa na kodi haiingii mfuko wa mtu.

Sasa, wewe unayesoma hapa ukisubiri bumu liingie, na wazazi wako wazima wa afya, unafanya nini na haya yote?

Kwanza, acha kuwaambia wazee kwamba hati inatosha. Lakini pia usiwaambie haina maana. Ina maana kubwa kwa kila kinachotokea mtu akiwa bado timamu: amevunjika nyonga, amelazwa Mwanza miezi miwili, amesafiri, amezeeka hawezi kupanga foleni. Iandikwe ikitaja mambo kwa majina: kiwanja kipi, akaunti ipi, kuuza au kukodisha tu, hadi kiasi gani. Hati ya "mambo yangu yote" humtia kiwewe karani na humpa kishawishi mwakilishi. Ilipiwe ushuru wa stempu, kwani isiyo na stempu haipokelewi mahakamani kama ushahidi hadi ushuru ulipwe. Kama inagusa ardhi yenye hati miliki, isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Na kama ni shamba la kijiji, kumbuka kwamba halmashauri ya kijiji ina sauti yake kwenye kuhamisha haki ya kimila, uwe na hati ya uwakilishi au usiwe nayo.

Pili, panga mambo ambayo hayategemei hati. Mume na mke wanaweza kuandikishwa wote wawili kwenye hati ya haki miliki ya kimila, na hapo hakuna anayebaki mgeni kwenye shamba lake siku mwenzake anapoanguka. Akaunti ya pamoja inasaidia, ila muulize mtu wa benki, tena kwa maandishi, itakuwaje mmoja wenu akipoteza uwezo, kwa sababu jibu liko kwenye masharti mliyosaini na huwa hatuyasomi. Na daftari. Jamani, daftari! Ng'ombe wangapi, wapi, wa nani, nani anadaiwa. Mzee wako akikataa kuandika, mwandikie wewe likizo moja, jioni moja, yeye anasimulia. Usiseme ni kwa ajili ya kifo. Sema unataka kujua historia ya zizi. Atasimulia hadi jogoo la kwanza.

Tatu, barua. Mzee akiwa timamu anaweza kuandika kwa mkono wake, mbele ya mashahidi, kwamba ikitokea akili imeniondoka, ningependa fulani asimamie mali yangu, na fulani asikaribie. Barua hiyo haimfungi jaji. Lakini jaji aliye mbele ya ndugu sita wanaovutana atafurahi kusikia sauti ya mwenye mali mwenyewe, na ndugu nao watapunguza kelele. Kwetu tungekuwa nayo, tungeokoa wiki tatu na urafiki wa watu wawili.

Kuna jambo hapa nalipenda kwenye sheria yenyewe. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Mikataba kinakubali kwamba mtu ambaye kwa kawaida akili yake imevurugika, lakini kuna vipindi hutulia, anaweza kuingia mkataba katika kipindi ametulia. Wenye bibi anayesahau wajukuu jioni lakini asubuhi yuko makini kabisa, hili ni lenu. Mlango haujafungwa siku daktari anapotaja jina la ugonjwa. Mpelekeni kwa wakili asubuhi, na daktari aandike siku hiyohiyo kwamba alimkuta akielewa. Mkisubiri hadi asubuhi nazo ziondoke, mtakuwa mmechagua mahakama.

Wapo watakaoniambia kwamba hata usimamizi wa mahakama ni fikra ya zamani, na wana hoja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema katika ibara ya 12 kwamba mtu mwenye ulemavu, wa akili pia, ana uwezo wa kisheria sawa na wengine, na kazi ya serikali ni kumsaidia aamue, si kumwamulia. Kenya waliigusa fikra hiyo mwaka 2022 waliporekebisha sheria yao ya afya ya akili. Nikiifikiria, naona ule mminyo wa mkono wa kushoto wa baba mkubwa. Pengine alikuwa anasema kitu, na sisi wote, mahakama ikiwemo, tulikuwa na haraka ya kupata mtu anayejua kuandika. Sina la kumjibu.

Na usidhani ni habari za wazee tu. Ukiwa na miaka 18 sheria inakuona mtu mzima. Mama yako hawezi kuingia kwenye akaunti yako kwa sababu tu alikuzaa. Bodaboda zile tunazopanda usiku tukitoka disko, bila kofia, watatu kwa mmoja, unazijua. Nimeandika barua yangu mwenyewe mwaka huu, nusu ukurasa, mashahidi wawili wa chumbani. Mmoja aliuliza kama nimepata mkosi gani.

Kiporo cha kadi sasa. Kabla ya kiharusi, mzee alizoea kunituma benki likizo, kwa sababu nimesoma na mashine hainitishi. Namba ya siri alinitajia mwenyewe. Alipoanguka, kadi ilibaki kwangu, na malipo ya pamba yalikuwa yameingia. Nikatoa. Dawa, nauli ya Bugando, chakula cha wauguzaji. Mara tatu za mwanzo sikuandika popote, sikuweka risiti, maana nani angemuuliza mtoto wa ndani? Ruhusa yake ya mdomo ilikuwa uwakala kama mwingine wowote. Ilikufa siku aliyoanguka, saa ileile, pamoja na hati ya kaka.

Mama mkubwa aliteuliwa. Siku ya kukusanya hesabu za mwanzo akanyoosha taarifa ya benki juu ya meza, akaweka kidole kwenye mistari mitatu. Jumla yake laki sita na arobaini. Hakuwa na hasira. Alikuwa anatakiwa apeleke maelezo Shinyanga.

"Mwanangu," akaniambia, "hizi niandike nini?"

Nilimtajia nilichokumbuka. Kilifika laki tano na ishirini.